Simu ya Vitshumbi

Betri ya Lionel Igiraneza haikuwahi kupungua, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Angèle Mukabalisa tangu asubuhi.

Alikuwa amezipanga picha mezani, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa za skrini ya simu ikionyesha ramani, na katika kila ramani palikuwa na alama nyekundu juu ya Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Edward. Kila picha ilikuwa imetumwa siku yake. Na katika kila moja, pembeni juu, kibetri kilikuwa kimejaa pomoni, kana kwamba simu ile ilizaliwa ikiwa imechomekwa ukutani.

Mtu wa Goma haongopewi kuhusu umeme. Hapa mjini ulikuja na kuondoka ulivyopenda. Huko Vitshumbi, tangu waasi washike Rutshuru, watu walibembeleza chaji kwa jirani mwenye sola. Kijana gani huyo wa ziwani ambaye hakukosa chaji hata siku moja?

Picha hizo alizileta mama yake Lionel, Eugénie Mukagasana, muuza makala wa Majengo. Hakuja kushitaki mtu. Alikuja kuomba njia. Mlipuko wa volkano wa mwaka uliotangulia ulimkuta nyumbani Buhene. Akakimbia kuelekea Sake na mwanawe wa kiume, na katika msongamano wa Mugunga mkono wa kijana ukamtoka. Hakumwona tena. Alizunguka makambi, parokia, redio zote. Kisha, baada ya kimya cha mwaka mzima na zaidi, ujumbe ukaingia kwenye WhatsApp yake kutoka namba ya Uganda. Lionel alikuwa hai. Alikuwa anavua samaki Vitshumbi, anatumia laini ya ng'ambo kwa sababu ndiyo inayoshika, na sauti haipiti, rezo, yaani mtandao, ni dogo, ni kuandika tu.

"Nyinyi munajua barabara," Mama Eugénie alimwambia Angèle siku ile. "Munajua wapi waasi wako na wapi hawako. Munionyeshe tu pa kupitia."

Kando yake alikuwa amekaa binti yake mkubwa, Bénita Umugwaneza, amempakatia mama mkoba.

Angèle alimwambia mama asubiri. Mkubwa wake alipopita na kusikia habari yenyewe, alisema hapo hakuna kesi, mwenye matumaini si mhalifu. Lakini Angèle alikuwa ameona wazazi wengine wa mlipuko wakiandikiwa na watoto waliokwisha kuzikwa. Aliomba taarifa za namba ile kwa mwenzake wa upande wa Uganda, na jibu lilikuwa limefika jana: laini iliwashwa mara moja tu, ikapokea ujumbe mmoja wenye tarakimu za kuthibitisha, ikazimwa. Haikuwashwa tena.

Laini ilikuwa imekufa, na mwenye laini alikuwa anaandika kila siku.

Kwa hiyo hapakuwa na simu. Palikuwa na kompyuta, mahali fulani penye umeme wa uhakika, na ndani yake programu ya kuigiza simu. Programu ya namna hiyo humfungulia mtu dirisha lenye umbo la simu katikati ya skrini. Mtu huweka WhatsApp humo na kuandika kwa kibodi, na aliye upande wa pili hajui.

Ziko nyingi. Angèle alitaka kujua ni ipi.

Alikuwa amezifuata Birere, dukani kwa Paulin, fundi anayewawekea watu programu kwa flashi, kwa kuwa hakuna mwenye megabaiti za kushusha vitu vizito vile. Paulin alimpa mbili, akaapa kwamba kwa mashine nzee kama ya polisi hakuna nyingine. Ya kwanza ilikataa katakata: ilidai kumbukumbu ambayo mashine ya ofisi haikuwa nayo. Ya pili ilikubali kuwaka, ikakoroma kama gari linalopanda mlima wa Sake, ikafungua ramani vizuri, lakini ilipowaka kibetri chake kilikuwa nusu, tena upande wa kushoto. Haikufanana na picha za Lionel.

Angèle alikuwa karibu kuchomoa flashi alipoona faili nyingine chini kabisa, ambayo Paulin alisahau kuifuta. Akaifungua. Programu ilikuwa nyepesi. Ilijaa skrini kabla hajamaliza kuvuta kiti. Kibetri kulia, kimejaa. Na kando ya kibetri, kialama kidogo chenye umbo la ngoma.

Akachukua picha ya Lionel, akaisogeza hadi machoni. Ngoma ileile.

Alifunga ofisi, akapanda pikipiki kwenda Birere.

Paulin alikuwa anamhudumia mteja. Angèle alimtoa mteja kwa kumtazama tu, akavuta mlango wa bati mpaka ukabaki upenyo wa mwanga.

"Papa Paulin, uliniambia ziko mbili."

"Shefu, kwa mashine yenu…"

"Ya tatu inaingia kwa mashine yetu kama maji. Kwa nini uliificha?"

Paulin alipangusa mikono kwenye suruali. Alikuwa mtu mnene, mwenye kupenda kucheka, na sasa alikuwa anatafuta mahali pa kuanzia kucheka asipaone.

"Ile haiko ya kupatia polisi."

"Mama mmoja anaandikiwa na mutoto wake aliyepotea. Anayeandika anatumia hii yako. Wewe unajua kutumia hii, na unauza laini za Uganda pale kwa kabati, naziona. Nikuchukue sasa ao umalize kufunga duka?"

"Shefu!"

"Cachot yetu ya mahabusu imejaa maji tangu mvua ya juzi. Watu wanalala wamesimama. Utakuwa na wakati wa kufikiri."

Alikuwa tayari amemwekea pingu mkono mmoja. Hakuwa na hakika kama ndiye, na hakujali. Alikuwa amegundua zamani kwamba chuma baridi kwenye kifundo humkumbusha mtu mambo mengi. Akachomoa waya wa kompyuta ya Paulin, kisha wa pili. Kazi za wateja zikazimika kwenye skrini.

"Sikuandikia mutu!" Paulin alipaza sauti. "Naweka tu. Batu wanakuja, nawauliza, munataka ya nini? Mwenye kucheza mchezo nampa ile nzito, iko na picha nzuri. Mwenye biashara anataka WhatsApp mingi kwa mashine moja, nampa ya pili. Hii ya ngoma sipatii kila mutu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu inadanganya mahali. Unafungua ramani pembeni, unabonyeza, inakuweka pale. Unaweza kukaa hapa Birere na telefone ikasema uko Kampala. Wezi wanaipenda. Ndiyo sababu nilikuficha, ungesema niko mwizi."

"Ulimpa nani?"

"Mara moja tu nje ya duka hii. Musichana. Nilimwonyesha zote. Nikamwambia hii iko haraka, hii iko na picha safi. Hakuuliza ya haraka. Aliuliza ni ipi inajua kudanganya mahali."

"Jina."

"Anafanya kwa sekretaria pale nyuma ya depo ya sementi, ile iko na jenereta yao. Anapiga barua za watu. Alinunua na laini." Paulin alitazama pingu. "Bénita. Umugwaneza."

Angèle alimfungua pingu bila kusema pole. Alipotoka, Paulin alikuwa amepiga magoti chini ya meza, anatafuta waya upi ulikuwa wa wapi.

Sekretaria ile ya kuchapia barua ilikuwa chumba kimoja, fotokopi mlangoni, jenereta ikinguruma uani. Bénita alikuwa peke yake. Alimwona inspekta akiingia, akatoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani. Hakufunga kitu. Katikati ya skrini yake palikuwa na dirisha refu jembamba lenye umbo la simu, na juu ya dirisha ngoma ndogo.

"Nilijua utakuja," alisema. "Sikujua kama utakawia hivi."

"Lionel yuko wapi?"

"Sijui. Hakuna anayejua."

"Lakini simu inasema yuko Vitshumbi."

"Mimi ndiye nilimweka." Aligusa skrini kwa kidole, pale ramani ilipokuwa. "Hapa. Nilichagua mbali."

Angèle alivuta kiti, akakaa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Kwa nini?"

Bénita alijibu kama mtu anayesoma barua ya mteja kabla ya kuichapa.

"Wakati mulima ulitoa moto, nilikuwa na homa. Nilikuwa nimelazwa kwa poste de santé ya Buhene, sindano ya maji ya perfusion kwa mukono. Mama alikuja na Lionel. Mbingu ilikuwa nyekundu, watu wanapiga kelele. Mama akaangalia dirisha, akaniangalia. Akasema, 'Nakuja.' Akashika Lionel mukono, wakaenda. Infirmière aliyenichoma sindano naye akakimbia. Mutu nisiyemjua ndiye aliingia akachomoa sindano akanibeba kwa mugongo. Hata uso wake siukumbuki. Poste ile iko chini ya mawe sasa."

"Na mama?"

"Nilimkuta Sake. Hakuuliza nani alinitoa. Hata leo hajauliza. Aliniuliza kama nimemwona Lionel."

Jenereta ilikohoa, ikaendelea.

"Tunalala chumba kimoja," Bénita alisema. "Mwaka mzima hakuniita jina. Mara ya kwanza niliandika ili nione tu uso wake akisoma. Mama alicheka. Alinikumbatia. Tangu volkano hajanikumbatia. Basi kesho yake nikaandika tena, kumwambia mutoto wake ana njaa. Nikamwona anavyokosa kula. Nikaona ni vizuri."

"Mama yako yuko wapi sasa?"

"Alitoka leo mapema."

Angèle hakuelewa mara moja. Kisha alisimama. "Kwenda wapi?"

Bénita alisogeza dirisha ili amwonyeshe. Ujumbe wa mwisho kutoka kwa mama ulikuwa umeingia muda si mrefu: *Nimefika Kibumba mutoto wangu. Askari wanakataza watu kupita. Mabomu yanasikika. Kuna papa mumoja anajua njia ya kwa mashamba. Ningoje.*

Juu yake ulikuwa ujumbe wa Lionel: *Kuja peke yako. Usiambie polisi, watakuzuia.*

Angèle alikuwa ameshika simu tayari. Alimpigia Mama Eugénie. Ililia, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa.

"Hatapokea," Bénita alisema. "Lionel alimkataza."

"Mpigie wewe."

"Hanipokeaki akiwa anaongea na Lionel."

Angèle alimpiga kofi. Lilikuwa kofi kavu, la mkono wazi. Bénita alirudisha kichwa mahali pake na kuendelea kutazama skrini.

"Watu wanakufa kwa mashamba yale," Angèle alisema. "Wiki iliyopita tulileta maiti za wanawake watatu. Unataka afe?"

"Nilimwambia tu mahali mutoto wake iko. Miguu ni yake."

Angèle alimsukuma pembeni, akakaa mbele ya kibodi. Alipiga simu kituo cha jeshi cha Kibumba, hakuna aliyepokea. Akaona hakuna njia nyingine ya kumfikia mama isipokuwa dirisha lile. Akaandika ukweli. *Mama Eugénie, mimi ni Inspekta Angèle wa polisi ya Goma. Lionel hayuko Vitshumbi. Mtu alikudanganya. Rudi.*

Jibu lilikuja upesi.

*Wewe ni nani. Umepata wapi telefone ya mutoto wangu. Umemufanya nini.*

Na kabla Angèle hajagusa kibodi: *Mungu akuone. Nakuja. Usimuguse.*

"Umemwongezea mbio," Bénita alisema kwa sauti ya chini.

Angèle alikaa akitazama alama nyekundu kando ya ziwa la mbali. Alikuwa ametumia wiki nzima kumtafuta anayemdanganya mama huyu. Akasogeza mshale kwenye ramani ya pembeni, kama Paulin alivyoeleza. Akashuka na barabara: Kiwanja, Rutshuru, Rugari, Kibumba, mpaka Goma, mpaka mtaa wa kituo chao. Akabonyeza. Ilikuwa rahisi mno. Kisha akatuma mahali hapo kwa mama, na chini yake akaandika:

*Mama ni mimi. Polisi ndio wamenipata, wamenileta Goma jana. Ni wao wameandika. Niko kwa kituo chao. Usiende mbele. Rudi.*

Safari hii jibu lilikawia. Angèle alimwona mama yule akilini, amesimama kwenye udongo mweusi wa Kibumba, mtu wa njia ya mashamba akimvuta kanga.

Simu-dirisha ikalia.

*Kama ni wewe, ulikuwa unamuita dada yako nani wakati ulikuwa mudogo.*

Angèle aligeuka. "Alikuwa anakuita nani?"

Bénita alikunja mikono kifuani.

"Bénita. Alikuwa anakuita nani?"

"Mama hajui jina langu," Bénita alisema. "Lakini lile alinipa Lionel, hilo analikumbuka."

"Muda unapita."

Uso wa Bénita ulikuwa umevimba pale pa kofi. Alilisugua shavu kwa kiganja. Kisha akaivuta kibodi, bila kukitazama kitufe hata kimoja, akaandika kwa neno la kumwita dada mkubwa: *Yaya Tita.*

Mama akajibu: *Narudi mutoto wangu. Usitoke hapo. Usitoke.*

Mama Eugénie alifika kituoni mchana, jua likiwa bado kali. Pikipiki ilimshusha getini akiwa na vumbi jeusi mpaka kwenye nyusi, kiatu kimoja kimekatika kamba, na mfukoni mwa mkoba sambusa zimetoa mafuta kwenye karatasi. Alisalimia walinzi mmoja mmoja kwa jina la Yesu. Alipomwona Angèle kwenye varanda alimshika mikono yote miwili akaibusu.

"Kama amelala musimwamushe," alisema. "Nitangoja."

Angèle alikuwa ametayarisha maneno. Aliyatafuta, akayakuta yote yameharibika.

"Mama, kaa kwanza."

"Nimekaa kwa pikipiki. Iko mulango upi?"

"Hayuko, mama. Hakuna Lionel ndani. Mimi ndiye niliandika ule ujumbe, ili urudi. Ningekuacha, ungekufa."

Mama Eugénie alimwachia mikono. Alitoa simu, akaifungua ramani, akaielekeza kwa Angèle. Alama ilikuwa juu ya paa walilosimama chini yake.

"Inasema iko hapa."

"Mimi ndiye niliiweka hapo. Kwa kompyuta."

Mama alitazama simu, akamtazama Angèle, na Angèle aliona akili ya mama yule ikifanya kazi, ikihesabu, ikifika mahali ambapo yeye mwenyewe hakupatazamia.

"Kwa hiyo Vitshumbi ndiko aliko kweli," Mama Eugénie alisema. "Ninyi ndio wadanganyifu. Mulinirudisha. Nilikuwa nimefika!"

"Hapana, mama. Vitshumbi pia…"

"Munipatie pikipiki! Papa ule ananingoja mpaka jua lishuke!"

Alikuwa amekwisha kugeuka. Mlinzi alimzuia getini, mama akamng'ata mkono. Angèle alimshika kiuno, wakaanguka pamoja kwenye ngazi, sambusa zikamwagika. Mama hakuwa na uzito wowote, lakini alipigana kama mtu anayezama. Angemfungia siku ngapi? Siku atakapomwachia, atakwenda. Angèle alinyanyua kichwa, akapaza sauti kwa askari aliyekuwa ndani.

"Mulete yule musichana."

Walimtoa Bénita, aliyeletwa na Angèle kutoka sekretaria, akiwa na pingu, wakamsimamisha kwenye varanda. Mama Eugénie aliacha kupigana. Alimwangalia binti yake kama mtu anayekumbuka kitu alichokiacha kwenye duka.

"Mwambie," Angèle alisema.

"Ni mimi, mama. Vitshumbi ni mimi. Yote ni mimi."

"Uongo. Wamekupiga, naona uso. Wamekuambia useme hivyo."

Bénita alimtazama Angèle, na Angèle hakumsaidia. Yule msichana akaegemea nguzo, akatazama mbele ya miguu ya mama yake, akaanza kusema. Hakuwa na simu wala karatasi. Aliusema ujumbe wa kwanza, wa siku ile mvua ilipoingia chumbani: Mama usilie, niko muzima, niko na watu wazuri. Akausema wa pili, wa njaa. Akausema wa zile mashua, wa mguu uliochomwa na mwiba wa samaki, wa ndoto ambamo alimwota mama amevaa kitambaa cha kijani. Aliusema kila mmoja kwa sauti yake mwenyewe, bila kupanda wala kushuka, na baada ya kila mmoja alisema na jibu ambalo mama yake alilituma.

"Nyamaza," mama alisema.

Askari walikuwa wamekwisha kutazama pembeni. Angèle hakumzuia. Ulikuwa ushahidi pekee ambao ungembakiza mama huyu mjini, na ulipaswa kuingia wote.

"'Mama, hapa usiku kuna viboko,'" Bénita aliendelea. "'Wanatoka ziwani wanapita kwa nyumba. Mimi siogopi. Nafikiria mukono wako na nalala.'"

"Naweka," mama alisema.

Bénita aliinua macho.

"Uliandika *naweka mukono wako kwa kichwa*," Mama Eugénie alimsahihisha binti yake, "*na nalala*." Kisha akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akakaa chini kwenye ngazi katikati ya sambusa, na Angèle akamwashiria mlinzi aache geti wazi.